Sufu ya Ukoo wa Katalin

Mwanakondoo wa kwanza mwenye jicho moja, Kasilda Urkidi alimvuta mwenyewe kutoka tumboni mwa mama yake, akiwa bado msichana wa shule. Alipomfuta uso kwa majani makavu akapiga ukelele. Baba yake, Balendin, akaja mbio, akatazama, akamshika yule kiumbe miguu ya nyuma na kumtia katika jiko la chuma nyuma ya banda, lile la kuchemshia maji.

"Umeona nini?" alimuuliza binti yake.

"Nimeona mwana..."

"Nakuuliza, umeona nini?"

"Sijaona kitu, baba."

"Haya. Kamalizie yule wa pembeni, anasukuma."

Hivyo ndivyo walivyofanya wafugaji wote wa milima ile ya Idaho, ila hakuna aliyejua kwamba mwenzake naye anafanya. Mfugaji wa madume ya mbegu anaishi kwa jina lake. Zikisikika fununu mnadani kwamba madume yako yanazaa vitumbili, kama walivyoitwa hao wa jicho moja, wanunuzi watapita mbele ya zizi lako kana kwamba una ndui. Basi kila mtu alichoma vyake, akanyamaza, na Jumapili wakakutana katika hoteli ya Wabaski, wakala maharage na soseji nyekundu, wakanywa divai, kila mmoja akisifu uzazi wa mwaka huo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na watu wale walikuwa mabingwa wa kuficha: Wabaski, Waskoti na Wamormoni, wote sawa.

Balendin alikuja kutoka Bizkaia, nchi ya Wabaski ng'ambo ya bahari, akiwa kijana asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji. Alikaa miaka mitatu mlimani nyuma ya kondoo wa mtu mwingine, akizungumza na mbwa. Siku ya kulipwa alikataa fedha, akataka alipwe kondoo, kama walivyofanya Wabaski wengi wenye ndoto. Katika wale aliopewa mlikuwa na jike mmoja kilema, mwenye sura ya mwanamke aliyechoshwa na ndoa. Lakini sufu yake! Ndefu, laini, nzito, ukizamisha mkono ndani yake huoni vidole. Akamwita Katalin. Kwa Katalin kukatoka ukoo mzima, mabinti na wajukuu na madume ambayo watu walisafiri kutoka mbali kuja kuyapapasa. Mkewe Balendin alikuwa akisema, "Mimi ni mke wa pili. Wa kwanza ana miguu minne." Naye alipofariki, na watoto wa kiume walipokimbilia mijini kuuza magari, alibaki Kasilda.

"Madume haya ni yako," baba yake alimwambia siku moja, bila kumtazama. "Nikifa usimuuzie mjinga hata mmoja."

Katika maisha yake yote Balendin hakuwahi kumwambia binti yake neno la mapenzi kushinda hilo, na Kasilda alilibeba moyoni kama wengine wabebavyo pete ya ndoa. Hakuolewa. Alikuwa na ukoo wa Katalin.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana lilitokana na wema. Mwezi wa Agosti, kondoo wakiwa bado kwenye malisho ya milimani, ndipo madume huachiwa majike. Majike ya kawaida Balendin aliyaacha chini, kwenye miteremko mikavu yenye vichaka vya kijivu. Wale wa ukoo wa Katalin aliwapandisha mpaka juu kabisa, kwenye bonde lenye maji chini ya theluji, ambako majani yanamfika kondoo tumboni. "Mtu ana heshima yake, na kondoo ana heshima yake," alisema. Wachungaji wengine walimcheka kwamba anawapeleka bibi harusi fungate. Katika bonde lile, kati ya majani mazuri, ulisimama mmea wenye majani mapana yenye mikunjo, ungedhani mahindi machanga. Txomin, mpwa wa Balendin aliyekuwa mchungaji wao, aliuita mahindi ya shetani. Kondoo akiutafuna sana hutoka povu, akapepesuka, akalala, na jioni akaamka mzima.

"Wanalewa kidogo," Txomin alisema akiinua kiriba chake cha divai. "Waacheni. Nani asiyelewa huku juu?"

Kwa hiyo watoto wa jicho moja walitoka daima kwa ukoo wa Katalin, tena kwa majike bora kabisa. Makabwela wa chini hawakuzaa hata mmoja. Balendin alitazama, akajumlisha, akapata jibu ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelipata. Damu. Amerudia damu ile ile mno, nayo sasa imechacha.

Mwaka ninaousimulia, uzazi wa majira ya baridi ulikuwa wa kutisha. Mvua za kiangazi zilikuwa zimechelewa, na majike yalikuwa yameula ule mmea mpaka kwenye mashina. Banda lilijaa mvuke na vilio. Kasilda aliingiza mkono, akavuta, akatazama, akageuza uso. Jicho moja kubwa katikati ya paji la uso, pua hakuna, taya la chini limepinda kwenda juu. Mwingine. Mwingine tena. Wengine walivuta pumzi mara mbili tatu wakimtazama kwa jicho lile, na hao ndio waliomwumiza zaidi. Katika banda lolote la kondoo, mtoto akifa huchunwa ngozi, ngozi akavishwa yatima, ili mama aliyefiwa anuse harufu ya mwanawe na kumnyonyesha. Hawa hawakuchunwa. Walikwenda katika lile jiko la chuma na ngozi zao.

Asubuhi moja Balendin alikuja na kisu kikubwa, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaanza kukinoa. Kasilda alielewa kabla hajaambiwa.

"Baba, hapana."

"Leo nayamaliza madume. Kesho lori linakuja kuchukua majike na vile vitoto vilivyozaliwa vizima. Vyote machinjioni."

"Hata wazima?"

"Wazima wamebeba ubovu ndani. Nitamuuziaje mtu?"

"Nisikilize kidogo tu. Yule jike aliyevunjika mguu mwezi wa saba, unamkumbuka? Ni wa ukoo, tena dada yao. Hakupanda bondeni, alibaki chini na majike ya kawaida. Dume Handi alishushwa akampanda kule kule chini. Amezaa pacha wazuri, baba. Damu ile ile!"

"Bahati."

"Bahati gani? Mbona wote waliokwenda juu..."

"We Kasilda! Unataka kunifundisha kondoo mimi? Mimi nimelala na kondoo kabla mama yako hajazaliwa!"

"Hilo mjomba usilirudie mbele za watu," alisema Txomin kutoka alikolala kwenye majani makavu.

Balendin akajaribu makali kwenye kidole gumba, akaenda zizini kwa madume. Handi, ambaye jina lake lilimaanisha Mkubwa, alimjia mbio akidhani analetewa shayiri.

Kasilda alisimama ukutani akaziba masikio. Alimchukia baba yake siku ile, na nasema wazi kwamba alikuwa na haki. Lakini alipoondoa mikono masikioni alimsikia mzee analia kwa kwikwi, kwa lugha ya kwao, akimwomba radhi kila dume kwa jina lake, na chuki ikamponyoka ikabaki huzuni tupu.

Kitu kimoja alikifanya. Kabla lori halijafika alimtoa jike mmoja kundini, Maddi, kijukuu cha Katalin, aliyepandwa na Handi mwishoni kabisa na bado hajazaa. Alimficha ndani ya gari bovu la wachungaji nyuma ya mlima wa majani makavu. Si kila jike wa bondeni alizaa kitumbili, alijiambia. Nusu walizaa wazima. Maddi akizaa dume zima, ukoo umepona. Akizaa jike, bado kuna njia. Lori lilichukua wengine wote, na wale pacha wa jike mwenye mguu uliovunjika wakiwa juu wakilia.

Txomin alimwona akibeba ndoo ya maji kuelekea kule. Akatema tumbaku.

"Mimi sijaona kitu," alisema. "Si ndiyo dini ya nyumba hii?"

Siku za Maddi zikatimia. Hakuzaa. Tumbo likakua. Kasilda alimpapasa kila asubuhi, akahisi mateke, akafurahi: huyu ni mkubwa, huyu ana nguvu, labda ni wawili. Subira huvuta heri, alijisemea, naye alikuwa mtu wa subira. Theluji ikaanza kuyeyuka pembezoni mwa paa. Hakuzaa. Kiwele kilibaki kidogo kama cha jike asiye na mimba. Hilo Kasilda aliliona, akajifanya hajaliona. Alikuwa amelelewa hivyo.

Mwisho wa Machi gari la Gillespie, jirani yao Mskoti mwenye malisho upande wa pili wa mlima, likaingia uani. Alishuka na mtu mrefu mwenye viatu safi, Daktari Jeppson, mganga wa mifugo wa serikali kutoka Utah. Wakakaa jikoni. Kasilda akaweka kahawa na divai mezani. Jeppson, Mmormoni, akavikataa vyote viwili kwa adabu, kama dini yake inavyoamuru, akaomba maji ya moto.

"Maji matupu?" Txomin alishangaa. "Kaka, unaumwa?"

Gillespie alikuwa akizungusha kofia yake. "Balendin," alisema, "nimekuja kukuambia jambo la aibu. Kondoo wangu wanazaa vitumbili. Tangu kabla ya vita vya dunia."

Balendin akasogeza kikombe chake kando.

"Nachoma," Gillespie akaendelea. "Na nimegundua mwaka huu kwamba kila mtu anachoma. Kila mwenye bonde lenye maji. Nilidhani ni madume yangu, nikawa nayauza mbali. California huko." Akashusha macho. "Huyu bwana kanionyesha si madume."

Jeppson akatoa mfukoni jani kavu lenye mikunjo, akalilaza mezani. Txomin alilitambua, kiriba kikabaki njiani kuelekea mdomoni.

"Mzee Urkidi," alisema Jeppson, "mtoto akiwa tumboni wiki mbili tu, ni mdogo kuliko punje ya mchele. Hana uso. Wala hakuna fundi anayemchonga kutoka nje. Vipande vyenyewe ndivyo vinavyoambizana. Nyama ya katikati ya kichwa inatoa kitu, majimaji fulani, yanawafikia majirani zake, yanawaambia: gawanyikeni, jicho moja huku, jingine kule. Na majirani wanatii. Basi sumu ya jani hili inawaziba masikio. Ujumbe unatoka, lakini hausikiki. Jike akila siku hiyo, mtoto anabaki na jicho moja katikati. Akila wiki moja baadaye, uso haudhuriki."

"Siku moja?" aliuliza Kasilda.

"Karibu siku moja, dada."

Majimaji yale ni nini, Jeppson hakujua, wala hakuna aliyejua wakati huo. Yalikuja kujulikana yeye akiwa mzee: ni protini ambayo seli huitema nje ili jirani aipokee, na mafundi wa maabara, watu wasio na haya, wakaipa kwa utani jina la kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba. Ndiyo inayopanga uso na vidole vya kondoo, vya kuku, na vyako wewe unayesoma. Jikoni kwa Urkidi siku ile ingebadili nini kuijua?

"Madume je?" aliuliza Balendin. Sauti haikuwa yake.

"Hayana kosa."

"Majike?"

"Hayana kosa lolote. Ungeyaweka chini mwezi ule tu, yangezaa kawaida. Damu haihusiki."

Mzee alitazama mikono yake juu ya meza. Kasilda alidhani atamkumbuka yule mwenye mguu uliovunjika, atasema *ulinambia*, naye alikuwa tayari kumsamehe. Hakusema. Alizeeka tu pale kwenye kiti, mbele ya macho yao, mpaka Kasilda hakuweza kuvumilia.

"Baba. Maddi yupo."

"Maddi gani?"

"Maddi wetu. Nilimficha. Ana mimba ya Handi."

Sijui kama umewahi kumwona mzee akikimbia bila kofia kwenye theluji ya matope. Walipomfikia alikuwa amepiga magoti ndani ya gari bovu, sikio limebanwa kwenye ubavu wa Maddi, machozi yanamtiririka.

"Anacheza! Yuko hai, Kasilda! Anapiga teke kama baba yake!"

Jeppson alimtazama jike yule muda mrefu. Akamgusa kiwele. "Alipandwa lini?" aliuliza kwa sauti ndogo. Kasilda akamwambia. Daktari akamvuta kando, nyuma ya majani makavu.

"Labda umekosea tarehe."

"Sijakosea."

"Mtoto ndiye anayemwambia mama kwamba siku imefika," alisema Jeppson. "Si mama. Kuna tezi chini ya ubongo wake, ndogo kama dengu, inapeleka habari. Hawa wa jicho moja wengi hawana tezi hiyo. Kwa hiyo mama anangoja tu. Mtoto anaendelea kukua, na mlango haugongwi."

"Lakini anacheza."

"Ndani anaishi vizuri. Anaishi kwa pumzi ya mama yake."

Kasilda aliangalia kule gari lilipokuwa. Baba yake alikuwa akiimba.

"Usimwambie leo," alisema.

"Tukimpasua sasa hivi, mama atapona kwa urahisi zaidi."

"Nimesema usimwambie leo."

Kwa hiyo Kasilda akampa baba yake siku za furaha, na sijui mpaka leo kama ulikuwa wema au ukatili. Balendin alihamia ndani ya gari lile. Alimlisha Maddi shayiri kiganjani. Alizungumza kuliko alivyozungumza miaka yote: akiwa dume tutamwita hivi, tutaomba majike mawili kwa yule mwanamke wa Nevada aliyenunua kwetu, bondeni hatupandi tena, nitajenga uzio mwenyewe. "Na pale, Kasilda, ulisema jambo juu ya yule mwenye mguu," alitamka jioni moja. "Nilisikia. Nilisikia, ila..." Hakumalizia, akarudi kwenye habari za uzio.

Asubuhi Maddi aliposhindwa kusimama, Txomin alitumwa kumwita Jeppson, aliyekuwa kwa Gillespie bado. Alikuja na kisu kidogo na sindano. Balendin akashika kichwa cha jike, akimnong'oneza. Kasilda akashika miguu. Jeppson alikata ubavu, akazamisha mikono yote miwili, akavuta, akaomba msaada, Txomin naye akavuta. Kilichotoka kilikuwa kikubwa kama mwanakondoo wa miezi mitatu.

Kwanza waliona sufu. Kisha Jeppson akamgeuza, wakaona jicho. Lilifumbuka. Kifua kikainuka mara moja, hakukuwa na pua ya kupitishia hewa, kikashuka.

Jeppson alisema kizazi kimechanika, atamshona, mama ataishi lakini hatazaa tena. Alisema pia kwamba angeomba kuondoka na mtoto, kwa ajili ya uchunguzi. Balendin alikuwa ameuachia mkono wake ukazama katika ile sufu yenye unyevu, ukaingia mpaka kifundo, vidole visionekane.

"Hebu shika," alimwambia binti yake.

Kasilda akashika. Ilikuwa ndefu, laini, nzito.

"Ni ya Katalin," alisema mzee. "Haijachacha hata kidogo. Ni nzuri kuliko ya Handi."

"Ndiyo, baba."

"Na mimi niliwachinja."

"Ndiyo, baba."

Maddi aliyeshonwa alianza kulia, ule mlio mdogo wa kooni ambao jike humwitia mtoto aliyetoka kuzaliwa tu. Aligeuza shingo huku na huku akitafuta. Balendin akainuka kwa shida, akachukua kisu chake kile kile.

"Nyama chukua, daktari," alisema. "Ngozi niachie."

Alimchuna mwenyewe, taratibu, bila kuitoboa hata mahali pamoja. Txomin alileta yatima kutoka banda la makabwela, kitoto cha jike asiye na jina, miguu kama njiti. Wakamvisha ile ngozi, wakaifunga kwa kamba shingoni na tumboni. Ilimzidi mno. Iliburura chini pande zote mbili, na alipotembea aliikanyaga akaanguka. Maddi alimnusa mkiani kwa muda. Kisha akatoa ule mlio wake, akapanua miguu, na maziwa machache aliyokuwa nayo yakashuka.

"Kamkubali," alisema Txomin.

Balendin alitazama mpaka mkia wa mtoto ulipoanza kutikisika, akaenda ndani kulala, ingawa ilikuwa bado asubuhi.

Baada ya siku chache ngozi ilianza kunuka. Kasilda alikata kamba, akamvua yule mtoto, akaipeleka kwenye lile jiko la chuma nyuma ya banda, akaitia katika moto wa kuchemshia maji.